Kizingiti cha Bi Pimbi

Paukwa.

— Pakawa.

Palikuwa na jabali?

— Lina mlango.

Na mlango?

— Haumtoshi mwenyewe.

Haya, kaeni vizuri. Wanaume sogeeni nyuma kidogo, lakini msiende mbali, kuna neno lenu mwishoni. Na wewe uliyeficha maandazi ndani ya mtandio, toa tugawane, maana hadithi hii ni ya chakula na mimi nikisimulia chakula nasikia njaa.

Hapo kale, kwenye jabali moja lenye nyufa nyingi, aliishi Bi Pimbi na binti zake watatu. Pimbi mnamjua. Mnyama mdogo, mviringo, hana mkia wa kujivunia, na nyumba yake ni ufa wa jiwe. Adui akija, pimbi hapigani. Anapiga mluzi, fyuuu, anaingia ufani, chwa, basi. Adui anabaki nje anaramba midomo. Ule mlango mwembamba ndio silaha yake yote.

Huyu Bi Pimbi alikuwa kungwi. Msichana wa jabali akivunja ungo, anapelekwa kwake. Aliwafunda kuoga na kujistiri, kusema na kunyamaza, kucheka na nani na kutocheka na nani. Wari arobaini walipita mikononi mwake. Habari za mwanzo alizijua zote. Habari za mwisho hakuna aliyemwambia, kwa sababu kungwi huja ukianza; ukimaliza haji mtu.

Basi mwaka ukafika, siku zake zikakatika.

Kwanza likaja joto. Amekaa zake kivulini anachambua mchele, mara vuuu, linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linatokea masikioni, jasho chururu chururu mpaka kwenye mchele. Anatupa mtandio, anajipepea na kipepeo cha jiko. Likipita, anatetemeka, anautafuta ule mtandio.

"Mama, unaumwa?" binti zake wanauliza.

"Naumwa nini? Chambueni mchele."

Halafu likaja tumbo. Bi Pimbi hakuongeza hata kijiko kimoja kwenye sahani yake. Alikula vile vile, alitembea vile vile, na tumbo likaja tu, likakaa, kama mgeni aliyekuja na mkeka wake mwenyewe. Alilikemea. Alilifunga kanga, akakaza. Tumbo likatulia ndani ya kanga kama halikusikia.

Haya yote angeyavumilia. Lakini jioni moja mluzi ulilia, fyuuu, pimbi wote wakakimbilia nyufani. Chwa, chwa, chwa. Bi Pimbi naye akakimbia. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo likakataa.

Nusu ndani, nusu nje.

Siku ile alikuwa ni mwewe tu anapita, hana habari na mtu. Jirani yake Bi Kobe akaja taratibu, akamsukuma kwa gamba, binti zake wakavuta kutoka ndani, vuta, sukuma, vuta, sukuma, pwap, akaingia. Alikaa pembeni, akalia machozi. Hakulilia tumbo. Alililia mlango. Pimbi asiyetosha mlangoni kwake ni chakula kinachosubiri mwenyewe.

Na mwenyewe akaja. Siku ya tatu Bi Pimbi alikwama tena, peke yake mara hii, Bi Kobe yuko mbali kwenye majani yake. Miguu inapiga hewa. Akasikia nyuma yake pumzi nzito, hah, hah, hah. Akajua ni Bi Fisi. Akafumba macho.

Bi Fisi alisimama, akamtazama, mate yakamtoka. Lakini Bi Fisi ni mlafi, na mlafi hufikiria mbali. Akajisemea, "Nikimla leo, nimekula mara moja. Nikila chakula chake kwanza, halafu nikamla yeye, nimekula mara nyingi." Maana Bi Fisi alijua jambo moja ambalo Bi Pimbi hakulijua: tumbo lile haliendi kwa njaa. Hata akae bila kula, litamsubiri pale pale mlangoni.

Akamshika miguu, akamvuta nje polepole, akampangusa vumbi.

"Shoga yangu," akasema, "ulipovunja ungo, hukupata kungwi?"

"Nilipata."

"Na sasa unapofunga, kungwi wako nani?"

Swali lile lilimchoma Bi Pimbi, kwa sababu ndilo alilokuwa akijiuliza kila joto linapompanda. Wari arobaini, na yeye hana hata mmoja wa kumuuliza.

"Mimi nitakufunda," Bi Fisi akasema. "Wiki tatu tu, tumbo kwisha, mlango unapita unacheza. Na kwa mila, kungwi hamgusi mwari wake mpaka siku ya kumtoa. Unaijua mila au huijui?"

"Naijua."

"Basi sharti ni moja. Chakula chako cha jioni, lete, weka, ondoka."

Bi Pimbi akakubali. Msimcheke. Mtu akiogopa hukubali hata ambayo angemkataza mwari wake.

Siku ya kwanza akapika wali na maharage. Akaleta, akaweka, akaondoka. Nyuma yake akasikia nyam, nyam, nyam.

Siku ya pili akapika mihogo ya nazi. Akaleta, akaweka, akaondoka. Nyam, nyam, nyam.

Siku ya tatu akapika mchicha na viazi. Akaleta, akaweka, akaondoka. Nyam, nyam, nyam, na kucheua juu.

Wiki ya kwanza ikapita. Mashavu ya Bi Pimbi yakaingia ndani. Wiki ya pili, miguu ikawa njiti. Kichwa kinamzunguka, akiitwa anaitika baada ya muda. Na tumbo? Tumbo liko pale pale, limekaa juu ya njiti mbili, halina wasiwasi. Kila jioni Bi Kobe anasukuma, binti wanavuta, na chai inapoa.

"Kungwi," Bi Pimbi akasema, "mbona halipungui?"

"Unakula kwa macho," Bi Fisi akamjibu. "Kesho ongeza nazi, unipunguzie hamu."

Ijumaa ya wiki ya pili Bi Fisi akampa maagizo ya karamu ya kumtoa mwari. "Ijumaa ijayo uje na kuni. Uje na chungu kikubwa. Uje na chumvi na ndimu."

"Na kitoweo, kungwi?"

"Kitoweo hakikuhusu. Kitakuja chenyewe."

Bi Pimbi akarudi nyumbani polepole, akihesabu. Kuni. Chungu. Chumvi. Ndimu. Kitoweo kitakuja chenyewe. Alipofika kwenye kitoweo akakaa chini.

Bi Kobe alimkuta pale. Bi Kobe ana umri ambao hata yeye haukumbuki, na si msemaji. Akasikiliza yote mpaka mwisho.

"Mimi lilinipanda joto miaka saba," akasema. "Nikadhani gamba linaungua. Na kiuno kikajaa, ila mimi nimejaliwa gamba, hakuna anayeniona."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na wewe ndiye kungwi, nikadhani unajua."

Bi Pimbi akacheka, mara ya kwanza kwa wiki mbili, kisha akakasirika. Alizikasirikia sahani kumi na nne. "Kwa hiyo nimeshinda njaa bure," akasema. "Tumbo hili ni la umri, na limekuja kukaa."

"Litakuja, litashuka kidogo, litarudi. Lako hilo. Kula, shoga, unanitisha."

Bi Pimbi akala. Alipokwisha kushiba akili ikamrudia, akageuka kuutazama mlango wake. Siku zote alikuwa akilitazama tumbo. Mlango hakuwahi kuutazama. Juu kuna mwamba mgumu. Kando mwamba mgumu. Lakini chini, kizingiti ni cha chokaa, jiwe laini, linalokwanguka. Laini kwa kucha za pimbi? Hapana. Alikwaruza mpaka kucha ikakatika, hakuna kilichotoka. Laini kwa meno ya fisi, mnyama anayevunja paja la nyati kama miwa? Hilo ni jambo jingine.

Kesho yake hakuleta chakula. Alichukua mafuta ya ufuta, akakipaka kizingiti. Akangoja joto limpande. Siku zile zote alilikimbia joto. Siku hiyo alilingoja kama mtu anayengoja mgeni wa heshima. Likaja, vuuu. Akakilalia kizingiti kifudifudi, jasho chururu chururu, chumvi yote ikaingia kwenye jiwe. Halafu akaenda kwa Bi Fisi.

"Kungwi, dawa imeshika. Nimeanza kupungua."

Bi Fisi akashtuka. Kupungua hakukuwemo kwenye mpango.

"Nikipita mlangoni, mafuta yanakwanguka," Bi Pimbi akaendelea. "Yamejaa pale kwenye kizingiti. Nilitaka kuyafuta, nikakumbuka mila. Kinachomtoka mwari ni haki ya kungwi. Kanga aliyovaa ni ya kungwi, mkeka aliolalia ni wa kungwi. Sasa mafuta yake ni ya nani?"

Bi Fisi alikwisha kuanza kukimbia.

Alifika, akapitisha ulimi, lamba. Mafuta. Akapitisha tena. Chumvi. "Mwari," akasema huku amefumba macho, "mafuta yako ni matamu."

"Ya juu hayo, kungwi. Ya ndani ndiyo yenye utamu. Yamezama kwenye jiwe."

Bi Fisi akaweka meno. Kwaru, kwaru, kwaru. Chokaa ikapukutika. Akala chokaa akidhani ni mafuta ya Bi Pimbi, na jua likazama akiwa bado anatafuna.

Siku ya pili Bi Pimbi akapaka, akangoja joto, akatoa jasho. "Leo yamezama zaidi, kungwi." Kwaru, kwaru, kwaru, kach. Jino moja.

Siku ya tatu akapaka, akangoja joto, akatoa jasho. "Leo yako chini kabisa, kungwi." Kwaru, kwaru, kach, kach. Mawili.

Siku ya nne, ya tano, ya sita, ni vile vile. Bi Fisi mdomo unamuuma, lakini ataiacha vipi haki yake? Bi Pimbi naye kila jioni alikaa na binti zake, akala wali wake, mashavu yakatoka nje tena. Ijumaa asubuhi alipima kizingiti kwa kiganja. Kimeshuka viganja viwili. Hakumwambia mtu. Alikaa mbele ya mlango na chungu, kuni, chumvi na ndimu, akangoja.

Bi Fisi akaja amejifunga kanga mpya. Akamtazama Bi Pimbi, mnono, anang'aa, na tumbo lake mapajani.

"Mwari wangu," akasema, "leo nakutoa. Washa moto."

"Kitoweo kimeshafika, kungwi?"

"Kimefika. Kimekaa mbele yangu."

Akaruka. Bi Pimbi akageuka. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Likafika tumbo, na hakuwa amelijaribu.

Chwa.

Tumbo na mwenyewe, ndani. Bi Fisi akaingiza mdomo, ukaishia puani. Viganja viwili vya pimbi havimtoshi fisi. Akauma kizingiti kwa hasira, akakuta hana jino la kuumia. Yamebaki mafizi.

"Umepungua lini wewe?" akauliza kwa sauti ya mafizi.

"Mimi sijapungua hata kidogo, kungwi," Bi Pimbi akajibu kutoka ndani. "Kilichopungua ni kizingiti."

Binti zake wakacheka mpaka wakalala chini. Nje, Bi Fisi akataka kutukana, mara, vuuu, kifuani, shingoni, masikioni. Jasho chururu. Akavua ile kanga mpya akaitupa. Akakaa kwenye kuni, akahema.

"Bi Pimbi," akasema polepole, "hili joto, huwa linakwisha?"

Bi Pimbi alikumbuka swali lile lile likiwa kifuani mwake, na hakuna wa kumuuliza. Akamhurumia. Alimhurumia kidogo, si sana, kwa sababu kile chungu kilikuwa bado kiko pale nje.

"Linakwisha," akasema. "Lina mambo yake. Mengine mengi sana yapo, na hukufundwa."

"Utanifunda?"

"Nitakufunda. Ukae hapo hapo nje, mimi hapa hapa ndani. Sharti ni moja. Chakula chako cha jioni, lete, weka, ondoka."

Na tangu siku hiyo, mkipita karibu na jabali jioni, mtamwona Bi Fisi anashuka na bakuli kichwani. Analeta, anaweka, anaondoka. Yeye mwenyewe anakunywa uji. Na mabibi wote wa jabali siku zao zikikatika, siku hizi wanaye kungwi wa kumaliza, mwenye tumbo lake, anayepita mlangoni bila kusukumwa na mtu.

Sasa mafunzo, maana mmenilipa maandazi. Mafunzo ni haya: enyi mama mnaotaka kupunguza mwili katika umri huo, msikilizeni kila anayewaahidi wiki tatu, mpeni chakula chenu chote, na msimuulize kitoweo ni nani.

Na nyinyi wanaume wa nyuma, nilisema kuna neno lenu. Ukiona mkeo habandui jicho kwenye kioo, usimwambie apungue. Chukua patasi, ukatazame mlango.

Hadithi yangu nimeifikisha kizingitini. Anayetosha aingie nayo ndani. Asiyetosha asubiri, tunaongeza nafasi.