Kwa Nini Kiwavi wa Mlimau Huvaa Mavi ya Ndege

Enyi mnaokanyaga kila kinachotambaa, sogeeni mnisikie. Kulikuwa na enzi ambapo kiwavi wa mlimau aling'ara kwa wekundu, akaonekana toka mbali. Lakini hakuna aliyejua ni mtoto wa nani.

Enzi hizo aliishi mjane mmoja, Mwantumu. Mwanawe wa pekee, Kibwana, alikuwa amekwenda kurina asali misitu ya mbali. Tangu zamani kwetu, kipepeo akiingia nyumbani ni taarifa ya mgeni. Siku hiyo mwenye nyumba haendi shamba. Hubandika chungu, akaacha mlango wazi. Basi Mwantumu aliwapenda vipepeo hao! Viwavi je? Aliwaponda kila asubuhi. "Walafi wakubwa nyie! Mwanangu akirudi nitamkamulia limau gani?"

Vipepeo wakapungua, hata wakatoweka. Mwantumu akazidi kungoja.

Siku moja alirudi kutoka shambani, akakuta kibuyu cha asali mbele ya mlango aliokuwa ameufunga. Moyo ukampasuka. Nakshi za kile kibuyu zilikuwa za mkono wa Kibwana! Kijana alikuwa amebisha hodi kwenye nyumba isiyofuka moshi, akadhani mama yake amekwisha kufa, akaenda zake. Majirani waliporudi kutoka mashambani walikimbia kila njia, wasimwone.

"Mbona hamkuniambia?" Mwantumu aliwalilia vipepeo, akaanguka chini ya mlimau. Hapo akaona kifuko kimening'inia kijitini. Akakipasua kwa hasira. Lahaula! Ndani mlikuwa na bawa la kipepeo, jeusi lenye madoa ya manjano, bado bichi, limekunjwa kama kanga mpya. Na mkiani mwa kifuko ilikuwa imeshikamana ngozi nyekundu ya kiwavi.

Aliitazama mikono yake, akapiga ukunga. "Mama yangu wee! Nimewaua wajumbe wangu mwenyewe!"

Kipepeo wa mwisho aliyesalia mafichoni, mama wa yule aliyekuwa kifukoni, aliyaona yote. Akaruka hadi kwa Muumba, akawaombea wanawe vazi ambalo mkono wowote usingetamani kuligusa. Wakapewa mavi ya ndege. Ndiyo, mavi, mnacheka nini?

Na tangu siku hiyo, kiwavi mchanga wa mlimau hufanana na mavi ya ndege yaliyodondoka juu ya jani. Nasi hatumpondi mdudu kabla ya kuuliza ni mtoto wa nani. Kibwana hakurudi. Mwantumu naye hakuufunga tena mlango wake. Siku alipokufa majirani waliukuta wazi, na chungu kikiwa mekoni.