Moto wa Bibi Tumpale

— Mliosogea motoni, mpo?
— Tupo.
— Nisimulie au nilale?
— Simulia, usingizi baadaye.

Hapo kale, juu milimani, ambako kipupwe kikikaribia kuisha ndipo kinapouma zaidi, aliishi Bibi Tumpale, mjane mwenye kibustani nyuma ya nyumba. Kila asubuhi aliwasha moto pembeni mwa bustani, akafukia viazi kwenye majivu. Akalima, akala, akaimba. Raha yake ilikuwa hiyo tu, na ilimtosha.

Sasa, Jumbe Ngailo na baridi hawakupatana. Kutwa amejifunika blanketi, na akisikia mtu anacheka nje, roho inamuuma. Akatoa amri: asilime mtu, asicheke mtu bustanini, mpaka Jumbe atoke kitandani. Mkaidi atazimiwa moto, na jirani asimpe hata kaa moja. Kwa baridi ile, jamani, huko ni kumuua mtu.

Bibi Tumpale akasema, "Njegere zangu hazimjui Jumbe. Zinajua unyevu, na unyevu ni sasa." Akalima.

Akaja tarishi na kibuyu cha maji. "Bibi, nimetumwa nizime."

"Zima, mwanangu. Ila umetoka mbali, kaa kwanza."

Akakaa, akamenya kiazi, mvuke ukampanda puani. Alipomaliza, Bibi akamwambia, "Umeota moto wangu. Wewe ni mgeni wangu."

Na mila ya kule ndiyo hiyo: ukishaota moto wa mtu, huuzimi, uwe nani. Tarishi akarudi na maji yake.

Akaja wa pili, mjanja huyo. Hakukaa, hakula. Akasimama akiupa moto mgongo, akimsubiri Bibi amalize tuta ndipo amwage. Bibi akamuuliza, "Mgongo hauoti?" Naye akarudi.

Akaja Jumbe mwenyewe, blanketi mpaka masikioni. "Mimi sikai. Mimi sili."

"Sawa, baba. Mwaga."

Jumbe akashika kizibo cha kibuyu. Vidole vimekufa ganzi. Akavuta, wapi. Akavuta, wapi. Akavuta, wapi. Basi akavinyoosha motoni, kidogo tu, vilainike apate kufungua.

— Mmeona alichofanya?
— Ameota!

Majirani waliokuwa wakichungulia uani wakaangua kicheko, kile kile kilichokatazwa. Bibi Tumpale hakucheka. Alimkazia macho.

"Jumbe, tangu utoe amri yako, ninaogopa. Nimelima huku naogopa. Na kesho nitalima."

Akampa kiazi. Jumbe akakipokea, maana mgeni hakatai. Akiwa bado anatafuna, majirani wakaingia na vigae vyao, mmoja mmoja. Kila mtu akachota makaa, akaenda kuwasha moto ule ule bustanini kwake, Jumbe akiwatazama.

Mimi niliwaacha wakilima. Mkiwapita, wasalimieni, lakini msiwakatize kazi.