Dau la Beberu

Ndugu zangu, siku hizi mikeka ni ya aina mbili. Upo huu tulioukalia, na upo ule wa kubashiri, ambao naona baadhi yenu mmeinama mkijifanya hamuujui. Haya.

Palikuwa na msimamizi wa uchaguzi wa mtaa wetu. Semina ya wasimamizi iliwakataza waziwazi: msimamizi habashiri matokeo. Lakini vijana wa kijiweni walikuwa wakibashiri nani atakuwa mwenyekiti, naye tamaa ikamshika, akaweka mkeka kwamba fundi cherehani, mmoja wa wagombea wawili, atashinda. Dau lake, beberu wake mnono. Akajisemea, "Kwani nitaiba kura? Mchezo tu."

Mchezo! Kura zikahesabiwa, zikalingana, ikabaki karatasi moja. Alama ya vema imewekwa kwenye kisanduku cha fundi cherehani, lakini mkia wake umevuka mstari hadi kwa mpinzani. Mawakala wa pande zote wakamkodolea macho.

"Mzee, amua. Halali au imeharibika?"

Yeye aliiona halali. Aliiona kweli. Lakini aliyeiona ni yeye, au ni beberu? Nawauliza nyinyi, nani angejua? Yeye mwenyewe hakujua.

"Siwezi kuamua," akasema. "Nimeweka mkeka."

"Astaghfirullah!" wakala mmoja akaruka. Wakamtoa nje palepale. Msaidizi wake akaichukua karatasi, akaitazama mbele ya wote, akasema, "Halali. Ni ya fundi cherehani."

Mnaona? Neno lilelile alilotaka kulisema yeye! Ila sasa hata mpinzani alilikubali, akampa fundi mkono, na mtaa wetu ambao ungeweza kushikana mashati ukaenda kula chakula.

Vijana wakamkimbilia msimamizi. "Mzee, mkeka umetiki! Umeshinda!"

"Uchaneni," akasema. "Kazi imekwenda, lakini wallahi nimepumua."

Alhamdulillahi. Na sisi je? Sisi wenye mihuri, wenye kalamu, wenye kuketi kwenye kamati, tunasema, "Nitabashiri, lakini nitaamua haki." Huenda kweli utaamua haki. Lakini ndugu yangu, ukishaweka dau, hata haki ikitoka kinywani mwako inanuka beberu. Kama umeshaliweka, mlango bado uko wazi. Sema, toka nje, upumue.