Namsifu, Aliyeupima Mlima kwa Magoti

Sogeeni karibu, enyi mnaokunywa maji ya mfereji huu, niwaambie yalikotoka. Zamani za mababu wa mababu zetu, kabla mteremko huu haujalimwa, Waruma walikaa kule bondeni, na miongoni mwao alikuwapo Kajiru mwana wa Mzava, mchimba mifereji, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Huyo ndiye baba wa Namsifu, Mama wa Maji, Mpima Mlima, ambaye hadi leo tunaapa kwa jina lake.

Lakini msidhani alizaliwa na ushujaa mkononi. Wenzake walipokaa, yeye alikuwa bado amelala. Walipokimbizana na mbuzi, yeye alitambaa. Na wadogo zao walipoanza kutembea, alikuwa angali akitambaa, magoti yamekomaa kama nyayo za mchungaji. Wala hakuwa na jina. Kwa desturi ya Waruma, mtoto alipewa jina siku aliyotoka mlangoni kwa mama yake akafika kwenye moto wa ukoo kwa miguu yake mwenyewe, na baba ndiye aliyelitamka mbele ya watu. Kajiru alikuwa na jina hilo moyoni tangu binti alipozaliwa, na lilimchoma.

Ukaja ukame. Waruma wakachimba mfereji kutoka chemchemi ya juu, wakiupima kwa macho, wamesimama wima, kama walivyofanya baba zao, na kila mara maji yalipofika kwenye bega la mlima yaligoma. Ndipo Mrindoko, mkuu wa ukoo, akatamka: "Mwezi ukiandama na maji hayajashuka, tunahama. Na asiye na jina hahami na ukoo."

Watu wote walijua amesemwa nani. Kajiru alikwenda nyumbani akamwambia mkewe, Nanzia, kwamba wao hawaendi popote.

Kesho yake alimbeba binti mgongoni hadi mlimani, maana hakutaka kumwacha hata kidogo, akamweka ndani ya mfereji, akashika jembe. Mtoto akatambaa. Palipochuruzika maji alilaza kiganja, akayafuata. Na pale wanaume walipoona ardhi inashuka, yeye aligeuka, akaelekea upande ambao wote waliapa kwamba unapanda.

"Kajiru," wakamtania, "binti yako anatupelekea mto mbinguni!"

Kajiru hakucheka. Alipiga magoti, akalaza shavu ardhini palipolala kiganja cha mwanawe, na kutoka pale chini akaona kuwa mlima ulikuwa umewadanganya tangu mwanzo.

"Chimbeni nyuma yake," alisema.

Wakachimba, mtoto mbele, majembe nyuma, wakazunguka bega la mlima, wakashuka hadi bondeni, mfereji ukapita mlangoni kwa Nanzia na kuishia kwenye moto wa ukoo. Siku ya kufungulia maji, mtoto alikuwa amekaa ndani ya mfereji, mbele ya mlango wa mama yake. Maji yakamjia kwa nyuma, ya baridi, yakamsukuma kiunoni. Akapiga ukelele, akashika kingo mbili, akainuka. Akainua mguu mmoja, akautua. Akainua wa pili. Kajiru alitembea kandokando ameinama, mikono ameitanua, asithubutu kumgusa.

"Ameshika kingo!" mtu mmoja akapaza sauti.

"Kingo hizo ni zake," akasema Mrindoko. "Mwacheni afike."

Akafika. Kajiru akafungua kinywa alitaje jina, lakini yule mtu mzima akalia mbele ya ukoo wake wote bila haya, kisha likatoka, milima ikaliitikia: "Namsifu!"

Kwa maji hayo Waruma walipanda huku juu, wakalima, wakawa watu. Namsifu aliwaongoza hadi uzeeni, akichechemea, na hakuna mfereji uliochimbwa kabla hajapiga magoti. Kisha asubuhi moja aliingia mferejini, akapanda akitambaa kuelekea chemchemini, na hakuonekana tena. Walikuta alama za viganja na magoti kwenye tope, zikiishia pale maji yanapotokea mwambani.

Ndiyo maana kila tunapofungua mfereji, mkuu wa ukoo huutangulia kwa magoti. Na mtoto anayechelewa kutembea hapa kwetu hachekwi, wala mama yake haulizwi neno. Wapita njia humtazama akitambaa, wakavua kofia, wakaambiana, "Mpisheni, anapima."