Maji ya Tandavu Juu ya Paa la Sultani

Palikuwa na sultani aliyeokolewa na maji, kisha akayashtaki maji yenyewe.

Huyo ni Sultani Shamlani wa mji wa Shungi. Ng'ambo ya mto, mwendo wa daraja moja tu, ulikuwapo mji wa Tandavu, nao una sultani wake mwingine. Wenyeji wa miji hiyo miwili walioana na kuzikana tangu enzi za mababu. Daraja lenyewe walilijenga pamoja: Tandavu walitoa mbao, Shungi wakatoa kamba. Na walikuwa na mapatano yasiyoandikwa popote: mbiu ya pembe ikilia upande huu, wa upande ule waje na ndoo.

Basi mwaka ule masultani wakagombana. Kisa? Barua. Sultani wa Tandavu aliandika barua akatanguliza jina lake kabla ya la Shamlani. Shamlani akaisoma, akaichana, akatoa amri: asivuke mtu daraja lile bila cheti chenye muhuri wake. Atakayevuka atafukuzwa mji.

Haukupita mwezi. Adhuhuri moja, saa ya Sultani kujilaza, mpishi wa ikulu akasahau karai la mafuta jikoni. Moto ukapanda, ukashika dari. Watumishi wakakimbia ovyo, kila mmoja akiokoa kilichokuwa karibu naye. Mmoja alitoka na mchi wa kinu, akaukumbatia kama mwanawe.

Penye mguu wa daraja aliketi Bi Mize, mjane, msokota kamba za makumbi ya nazi. Maskini wa mali, tajiri wa ulimi. Akauona moshi. Akatazama njia ya ikulu: mayowe tele, ndoo hakuna. Akachukua mbiu iliyotundikwa darajani, akapuliza.

Watu wa Tandavu wakaja, wanaume kwa wanawake, ndoo zimejaa. Wakapanga mstari pamoja na watu wa Shungi, wakapokezana maji. Alasiri haijaingia, moto ukazima. Kilichoungua ni jiko na nusu ya ghala la mazulia.

Asubuhi yake Bi Mize akaitwa barazani. Akaenda na makumbi yake mkononi, maana kamba haingoji kesi. Lakini hakuwa na mji mwingine duniani, wala mtu wa kumsemea.

"Wewe ndiye uliyepuliza mbiu?" Sultani aliuliza.

"Ndimi, Maulana."

"Ukaniletea wageni mia mbili mjini mwangu!"

"Watu sikuwahesabu, Maulana. Nilikuwa natazama ndoo."

"Nani aliwapa idhini ya kuvuka?"

"Moto. Niliuona unavuka kutoka chumba hadi chumba bila cheti, nikadhani siku ile vyeti havitakiwi."

Barazani watu wakakohoa, namna mtu anavyokohoa akitaka kucheka mbele ya sultani.

"Kumbe unanichezea! Basi sikia. Paa la babu yangu limemwagiwa maji ya Tandavu. Maji ya adui! Nataka yarudishwe yote, tone kwa tone, kabla ya jua kuchwa. Ukishindwa, utahama mji, na daraja litakatwa."

"Nitayarudisha, Maulana. Ila maji hayo sinayo mimi. Aliyeyanywa ni moto wako. Uamuru uje hapa uyatapike, nami nitayabeba."

Safari hii hata walinzi walikohoa.

"Tuyaache maji!" Sultani akafoka. "Amri ni amri. Kadhi! Wote waliovuka nataka waadhibiwe!"

Kadhi Muhdhari alikuwa mzee mnyoofu, hajui mzaha wala kona. Akafungua kitabu. "Sheria yasema tuanze na aliyetangulia kuvuka. Hukumu yake ndiyo itakayowashika waliomfuata. Bi Mize, ulikuwapo darajani. Nani alitangulia?"

"Aliyetangulia hakutoka Tandavu, Sheikh. Alitoka huku kwetu, akaenda kule."

"Msaliti!" Sultani akapiga mkono wa kiti. Hasira ilikuwa imemsahaulisha mengi. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mzima, Maulana, mwenye kitambi chake. Amejifunga shuka la kulalia. Mguu mmoja una kiatu, wa pili hauna. Kwapani amebana mto wa hariri. Nilimpa pole, hakuitikia; alinipita kama upepo. Nasikia kule Tandavu walimpa kigoda na bakuli la uji, wakamsitiri mpaka moshi ulipotulia. Cheti hawakumwuliza."

Sultani akaitazama miguu yake. Baraza zima likatazama juu, kila mtu akisoma nakshi za dari.

Kadhi akachovya kalamu. "Jina lake?"

"Sheikh, kabla sijalitaja, nijulishwe kwanza adhabu yake."

"Amesamehewa!" Sultani akadakia.

"Maulana, hata hatujamjua bado..." Kadhi akaanza.

"Nimesema amesamehewa! Andika!"

Kadhi akaandika, akapuliza wino ukauke. "Basi kwa sheria hiyo hiyo, waliomfuata wamesamehewa wote. Na kama walioitika mbiu hawana kosa, aliyeipuliza hana pia."

Bi Mize akashusha pumzi. Lakini Sultani alijiona kashindwa mbele ya watu wake, tena na mwanamke mwenye makumbi mkononi. Akasimama, shingo imemvimba.

"Watu nimewasamehe. Daraja sijalisamehe! Kesho asubuhi likatwe!"

Bi Mize akainama kwa adabu.

"Likatwe, Maulana, amri ni yako. Ila siku moto ukirudi, wewe utakimbilia wapi?"