Ujumbe Usio na Kosa

Mtu mmoja, mwalimu wa Kiingereza huko Usangi, alikuwa na mdogo wake wa pekee. Mwalimu aliitwa Elineema, mdogo wake Mbonea. Wazazi walipofariki, Elineema ndiye aliyemlea na kumsomesha, na kila jioni wawili hao walikaa jikoni wakibishania Kiingereza: neno gani litangulie, kitenzi gani kikae wapi. Mbonea alikuwa mbishi kwelikweli, na akibanwa kwenye kona hucheka mpaka ugali unaungua. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, na hawakujua mengine.

Mbonea akapata kazi ya kuuguza wazee katika nchi ya baridi. Walipoagana, kaka akamwekea sharti: tuandikiane kwa Kiingereza, ulimi wako usije ukashika kutu. Mdogo mtu akaitikia.

Basi ujumbe ukawa unaingia kwenye simu, na kaka anausoma kama asomavyo madaftari ya darasani. Hapa umeruka herufi. Pale neno halikai hivyo. Mbonea anabisha kidogo, anatania, mwisho anakubali yaishe. Mpaka siku moja theluji ilimfungia ndani peke yake, akaandika hivi tu: "I have remembered you, brother."

Elineema moyo ulimruka. Alielewa, jamani! Nani wa kwetu asingeelewa? Lakini kalamu nyekundu ilikuwa imeshamkaa mkononi. Akajibu kwamba hapo amekosea: neno hilo ni la mtu aliyesahau kisha akakumbuka, kwa hiyo hana budi kuandika "I miss you".

Mbonea akajibu, na safari hii kwa Kiswahili: "Kaka, kwetu mtu humkumbuka hata ambaye hajamsahau."

Hoja ilikuwa nzuri, na mwalimu aliona kuwa ni nzuri. Ndiyo maana akaipiga kwa nguvu zaidi. Akamtumia kanuni, akamtumia mifano, akapiga picha kurasa za kamusi akazituma nazo. Akashinda. Mdogo wake aliandika "Sawa," basi.

Loo, ushindi gani ule! Mvua za vuli zilikuja zikapita, Mbonea kimya. Simu ikilia Elineema anakurupuka, kumbe ni matangazo ya vifurushi. Alisonga ugali wa watu wawili, kwa mazoea, akala peke yake. Alimkumbuka mdogo wake, alimkumbuka mpaka kifua kikamuuma. Alitamani hata ule ubishi wake usio na mbele wala nyuma. Alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika, akafuta, akaandika tena, maana kila sentensi aliiona ina kasoro. Mwishowe akatuma fupi kabisa: Hujambo, mdogo wangu?

Jibu likaja. Lilikuwa refu, la Kiingereza kilichonyooka, kila nukta mahali pake. Lilimshukuru kwa kumjulia hali, likamfahamisha kuwa kazi inaendelea vizuri, likamtakia afya njema. Elineema akavaa miwani, akalisoma akitafuta kosa, hata moja, apate la kubishania. Hakuliona. Akalisoma tena, sasa akimtafuta mdogo wake, naye hakumwona.

Basi nawauliza ninyi mnaowashikia kalamu nyekundu wake zenu, waume zenu, ndugu na watoto: mkishawanyoosha wote wakanyooka, mtawatambua kwa lipi?