Mstari wa Nne wa Jedwali

Wapo watu wepesi wa kuona aibu ya mwenzao ilhali yao wameikalia. Hao ndio waliosemwa na wahenga kwamba nyani haoni kundule.

Mwalimu Ansbert, aliyefundisha hisabati kidato cha tano katika sekondari moja ya Tandale, alikuwa amechoshwa na wanafunzi wake. Wiki tatu nzima aliwafundisha mantiki: kauli ni sentensi iliyo ama kweli ama uongo, na kauli mbili huunganishwa kwa "na", "au", ama "kama... basi", kisha jedwali la mistari minne huonyesha lini muungano huo ni kweli na lini ni uongo. Wapi! Hasa hiyo "kama... basi" waliigeuza kinyumenyume kila siku. Alifoka mpaka koo likamkauka.

Jumatatu asubuhi akawapa jaribio, mchana akaanza kulisahihisha. Mwanabaraka alikuwa amekosea mstari wa nne wa jedwali la "kama... basi": kauli zote mbili ni uongo, jibu ni kweli, yeye kaandika uongo. Akachukua karatasi ya Sekela, aliyekaa naye dawati moja. Kosa lile lile. Hasira zikampanda. Hakugusa karatasi ya tatu. Aliandika barua kwa mkuu wa shule kwamba wamenakiliana, na hapo shuleni aliyenakili hafanyi mtihani wa muhula. Kisha akawaita ofisini awasomee barua yenyewe.

Sekela aliangua kilio. Mwanabaraka alimwamkia mwalimu, akaomba ruhusa ya kusema.

"Mwalimu, ulitwambia kama mvua imenyesha basi uwanja umelowa. Ila ukiukuta umelowa huwezi kuapa ni mvua. Pengine bomba limepasuka."

"Usinifundishe niliyokufundisha mie. Wanaonakiliana hufanana, na nyie mmefanana. Haya, hilo bomba limepasukia wapi?"

"Ubaoni, mwalimu," alijibu kwa adabu, akamfungulia daftari lake kwenye somo la Ijumaa.

Mwalimu aliitazama nakala ya jedwali aliloandika mwenyewe ubaoni kwa pupa, kipindi cha mwisho, roho yake ikiwa imeshafika nyumbani. Mstari wa nne: uongo. Akazivamia karatasi zilizobaki, moja baada ya nyingine. Darasa zima limeandika uongo. Fedheha ilimshika hata akashindwa kuwatazama wale wasichana usoni.

Aliichana barua. Kesho yake aliwaomba radhi wote wawili mbele ya wenzao, akaliambia darasa kuwa jedwali alilikosea yeye na "kama... basi" aliigeuza yeye alipowashuku kwa kufanana tu. Wiki tatu alikuwa akifokea ujinga wa watu arobaini, wake asiuone. Ama kweli, nyani haoni kundule.